Laptop Iliyokuwa Ikizuia Mlango

Baba yangu hakuwa ametamka neno tangu kiharusi kimpige. Siku aliposema, alisema kupitia laptop mbovu tuliyokuwa tunaitumia kuzuia mlango.

Ndiyo, kuzuia mlango. Usicheke kwanza.

Baba alikuwa karani wa kampuni ya mizigo. Maisha yake yote vidole viko kwenye kibodi. Na alikuwa nadhifu mpaka anakera! Hata nyumbani shati limechomekwa, na kukaza mkanda tu ilikuwa lazima aingie chumbani afunge mlango. Sisi wanawe tulimwita Bosi, kwa siri lakini.

Asubuhi moja akaanguka bafuni. Upande wa kulia ukafa, ulimi nao ukagoma. Hospitali wakatufundisha kumnyoosha mkono, wakasema apate hewa safi, wakaturudishia mtu wetu.

Nyumba yenyewe ya kupanga. Chumbani hapageuziki, kwa hiyo kitanda chake tukakiweka sebuleni, kikitazama mlango. Mlango unatazama uani. Uani kuna bomba, na kwenye bomba kuna wapangaji wote na ndoo zao.

Kila asubuhi Mama akifungua, Baba anainua mkono wa kushoto, anaunyoosha kuelekea mlangoni. Anaguna. Machozi yanamtoka.

"Anataka hewa," Mama anasema. "Fungua wote, mwanangu."

Naufungua wote. Upepo nao una kiherehere, unaurudisha. Mama akapanda juu ya stuli, akaishusha laptop ya zamani ya Baba iliyokuwa imelala juu ya kabati, akaibana chini ya mlango. Nzito kama tofali. Mlango ukatulia.

Baba akazidi kulia.

Wakati wa kumsafisha tulikuwa tunateremsha pazia, ila pazia na upepo unavijua. Usiku tukifunga mlango, ananyamaza. Tukasema maskini, kachoka na kulia.

Kaka yangu mkubwa naye alikuwa na lake.

"Anataka kutoka nje! Si mnaona anavyoonyesha?"

Basi jioni anambeba, anamkalisha kwenye kiti karibu na bomba. Majirani, Mungu awabariki, wanamsalimia. Wengine wanamfuta mate. Baba analia, Kaka anasema ni furaha.

Tulijaribu kumuuliza, jamani, msituone wapumbavu. Kutikisa kichwa hakuweza, kilikuwa kinaenda kinakotaka. Tukampa simu, kidole kikawa kinatetemeka na kugusa herufi rundo kwa mpigo. Tukamwandikia herufi kwenye karatasi kubwa, kidole kikatangatanga weee, mwisho akaisukuma chini.

Mimi nafanya kazi steshenari, natoa kopi na kuchapa barua za watu. Mteja mmoja akanionyesha kompyuta yake kuukuu inavyowaka upesi. Akasema ameiwekea mfumo mwepesi, wa bure, uliotengenezwa kwa ajili ya mashine kongwe. Nikauchokonoa. Ndani nikakuta mpangilio mmoja: kitufe hakiandiki mpaka ukishikilie kidogo. Ukikigusa tu kwa kutetemeka, kinakupuuza.

Nikakumbuka kidole cha Baba. Nikakimbia nyumbani, nikachomoa laptop chini ya mlango, nikaweka jiwe.

Nikampelekea Fundi Kesho. Tulimwita hivyo kwa sababu kazi yako kwake siku zote ni kesho. Hii hakuisogeza hata kesho.

"Dada, hii imeshakufa. Betri hakuna, bawaba imekatika. Itakufaa labda kuzuia mlango."

"Ndiyo kazi iliyokuwa inafanya."

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilitaka kulia, ila nikambana akanipa chaja inayoingia.

Nikaanza mwenyewe. Nikasafisha feni kwa brashi ya rangi, vumbi likatoka kama unga. Nikachomeka flashi yenye mfumo. Kioo cheusi. Nikarudia. Cheusi. Kumbe nilipakua toleo la mashine za kisasa, na ya Baba ni ya kizazi cha nyuma, hawaelewani kabisa. Nikatafuta toleo lake. Likagoma katikati. Nikaanza upya, huku Kaka ananipita akisema, "Unapoteza muda, mzee ameshaondoka huyu, kabaki mwili."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kuwaza hivyo.

Jumapili moja mchana ikakubali. Ikawaka chap, haina mapambo wala mbwembwe, ukurasa mtupu wa kuandikia na herufi kubwa kama kiganja. Kioo nikakiegemeza kwenye mto, kwa vile bawaba hamna.

Nikauweka mkono wa kushoto wa Baba kwenye kibodi.

Aisee. Vile vidole vilipogusa vitufe, vilijipanga vyenyewe. Mama akaziba mdomo na khanga. Kaka akasogea. Mlango uko wazi, jiwe limekaa, na pale bombani ndoo zimeachwa zifurike, watu wanachungulia.

"Baba, tuambie unataka nini," nikasema.

Akashikilia kitufe. F. Akapumzika. U.

"Furaha!" Kaka akadakia. "Si niliwaambia?"

N. Kaka akanywea.

G.

"Fungua!" Mama akaruka. "Hewa! Mimi nilijua, mume wangu namjua!" Akaenda mbio mlangoni, akausukuma mpaka ukagonga ukuta.

Baba hakuinua macho. Jasho linamtoka, mkono unatetemeka, lakini mashine ilikuwa inampuuzia mtetemo na kumsikiliza yeye. Akaenda herufi kwa herufi mpaka akamaliza.

FUNGENI MLANGO.

"Anasemaje?" Mama akauliza kutoka pale mlangoni, bado ameushikilia.

Kaka ndiye aliyesoma, na akasoma kwa nguvu, bombani wakasikia.

Mama akalisukuma jiwe kwa mguu, akaufunga mlango, akaegemea hapohapo na kushuka chini taratibu mpaka akakaa sakafuni.

Baba akashusha pumzi ndefu. Machozi hayakumtoka.

"Baba, kuna lingine?" nikamuuliza. "Sema lolote, Baba."

Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wale wa bombani. Akageuza uso ukutani. Hakutaka kutuona hata sisi, na sikuweza kumlaumu.

Tangu siku hiyo mlango tuliufunga. Kila siku nilimwekea laptop, kila siku aliacha mkono wake ulale. Hakuandika tena. Muda si mrefu kiharusi kikarudi, na safari hii hakikutuachia kitu.

Siku ya msiba nyumba ilijaa. Mtu, kwa nia njema tu, akaufungua mlango akaweka jiwe. Mama akainuka, akaliondoa, akafunga. Wakafungua tena, joto bwana. Mama akainuka tena. Alishinda hivyo mchana kutwa, mpaka watu wakanong'ona kwamba uchungu umemvuruga.

Laptop bado ninayo, na bado inawaka chap. Yale maneno sijayafuta. Fundi Kesho anasema nimefanya maajabu. Namwacha aseme.

Wewe mwenye mgonjwa asiyeweza kusema, nakuomba kitu kimoja. Ukishakuwa na uhakika kabisa unajua anachotaka, jaribu siku moja kufanya kinyume chake, umtazame usoni.

Sisi, kabla hajaandika, hatukuwahi hata siku moja kujaribu kuufunga ule mlango mchana.