Waya wa Mwalimu Mstaafu

Jumatatu nilikuwa kwa ofisi ya chifu wa mtaa wetu wa Kiplombe, Eldoret, nikingoja barua, mama mmoja akaingia bila kupiga hodi.

"Chifu, jirani yangu amefunga waya kutoka kwa mti hadi kwa paa. Kila Jumamosi wazee watatu wanakuja, wanafunga mlango, wanataja herufi na namba. Hiyo si maombi."

Chifu alivaa kofia. Nikawafuata, barua ingengoja.

Jirani, mwalimu mstaafu, alitufungulia na kutuonyesha leseni ukutani na redio ndogo kama kitabu, iliyounganishwa na ule waya. Yeye na wale wazee ni klabu ya redio, alisema. Hutuma sauti kwa nguvu ndogo kuliko ya balbu, kisha hungoja kuona nani atawasikia.

"Nani huyo?" chifu akauliza, mkono kiunoni.

"Yeyote."

"Mtu haongei na yeyote, Mwalimu. Hii tutabeba."

Mzee hakubishana. Alibonyeza kitufe, akataja herufi na namba za leseni yake, akaita mara tatu. Mikwaruzo tu. Akaita tena. Halafu katikati ya mikwaruzo ikaja sauti ya mwanamume: yuko Mwanza, anamsikia vizuri, je, mvua imefika Eldoret?

Mama akakunja mikono. "Na huyo amejuaje tuko Eldoret?"

"Nimemwambia nilipoita, mama," mzee akajibu.

Chifu aliiacha redio, ingawa aliandika kitu kwa daftari lake. Nami nikarudi nikiwaza: mtaani kwetu kuna spika za kanisa zinazotikisa madirisha, na hakuna aliyewahi kuzishtaki. Aliyenong'ona ndiye aliyeletewa chifu.