Mpira wa Kusimamia

Mwololo wa akala hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo mapema kwa sababu tukifika katikati mtatamani kumtia kofi, na mimi sitawazuia.

Kibanda chake kilikuwa Kitengela, nyuma ya soko, si mbali na barabara ya Namanga. Alitoka kwao Mukaa mwaka wa 1989 akiwa na kisu kimoja na jiwe la kunolea, akaanza kukata viatu vya akala kutoka kwa matairi ya lori. Wateja wake wengi walikuwa Wamaasai wa Kisaju na Isinya, watu wa kutembea, ambao kiatu kwao si urembo. Mteja akifika walisalimiana, "Sopa," "Epa," kisha akavua kiatu na kusimama juu ya kipande cha katoni. Mwololo alipiga magoti, akazungusha penseli kwenye mguu, akakata ile katoni, na mkewe Evalyne akaandika jina na tarehe kwa ule mwandiko wake mzuri. Kipimo kikatundikwa msumarini. Kuanzia siku hiyo mtu huyo hakupimwa tena. Hata akiwa Kajiado anauza ng'ombe, alituma salamu tu, na viatu vikamfikia, na vikamtosha. "Fundi anajua mguu wangu kuliko bibi yangu," walisema. Mgema akisifiwa, mnajua yanayofuata. Mwololo aliamini kwamba mguu ukishachorwa umechorwa.

Julai 1996 Evalyne akashikwa na homa ya mapafu. Siku nne tu. Mwololo alimzika kwao Mukaa Jumamosi, na Jumatatu asubuhi alikuwa kibandani anakata tairi. Watu wakasema, huyo ni mwanaume. Uanaume gani? Mtu alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa vibaya, na yeye mwenyewe hakujua. Hakulia. Alikula akiwekewa chakula, asipowekewa hakuuliza. Ukimwambia mvua imenyesha, alisema sawa. Ukimwambia paa lako linavuja, fundi, alisema sawa.

Aliyeumia ni mtoto. Kaluki alikuwa na miaka saba mama yake alipofariki, na mwanzoni aliongea kama watoto wengine. Aliuliza maswali, akasimulia ya shuleni, akaimba akiosha vyombo. Akajibiwa "sawa tu" leo, "sawa tu" kesho. Mtoto si mjinga. Alipofika darasa la tatu alikuwa ameshaacha. Ile nyumba ya mabati ilikuwa na watu wawili na redio, na iliyokuwa ikiongea ni redio. Hata viatu vya shule Kaluki alichaguliwa na Mama Yonis, yule Msomali wa kibanda cha jirani aliyeuza mitumba. Mtoto wa fundi wa viatu, jamani, anavalishwa na muuza mitumba! Soko zima lililiona hilo likanyamaza.

Aliyekataa kunyamaza ni Mutindi, mama yake marehemu Evalyne, ambaye Kaluki alimwita Susu. Alifika kutoka Mukaa Aprili 1998, tope la El Nino likiwa bado linang'ang'ania viatu. Sasa, kwa Wakamba, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawaongei ovyo. Heshima hiyo wanaiita nthoni, na Mutindi aliishika barabara. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kibanda cha Mama Yonis, akageuza uso upande wa barabara, akazungumza na Mama Yonis kwa sauti ya kumfikia Mwololo.

"Mama Yonis, niulizie huyo fundi. Huyu mtoto anamtaka ama hamtaki? Mimi niko na nyumba, niko na wajukuu wengine watano, na watu wanacheka pale kwangu. Kwake hapa mtu anaweza kufikiria bado ni matanga. Shule ikifungwa Novemba nakuja kumchukua, akae na mimi kabisa. Kama ako na neno, aseme."

Mama Yonis alimgeukia Mwololo. Hapakuwa na haja ya kurudia, maana kutoka kibanda hadi kibanda ni hatua tatu.

"Sawa tu," akasema Mwololo.

Hapo ndipo pa kofi. Kaluki alikuwa amesimama pale pale na sare yake ya shule, na alisikia.

Neno hilo la Novemba lilimkaa Mwololo, si kwa uchungu, hapana, uchungu hakuwa nao. Alijua tu, kama unavyojua kwamba kesho ni Jumanne, kuwa Novemba mtoto ataondoka. Alijua pia kwamba baba mwingine angeogopa. Akangoja uoga uje. Ukakataa kuja.

Mwezi wa Mei Mama Yonis alifungua mtumba wa vitu vya watoto, akatoa kitu cha ajabu. Kilikuwa sahani ya plastiki ya manjano, pana kama kifuniko cha sufuria ya harusi, na katikati yake mpira umebanwa, nusu juu, nusu chini. Mpira ulikuwa umepasuka na sahani ina ufa. Kaluki alikichukua akakigeuzageuza.

"Baba, hii ni ya nini?"

Lilikuwa swali la kwanza baada ya miezi mingi. Aliyelijibu ni Mama Yonis. Alikuwa ameona moja kwa watoto wa ndugu yake Nairobi.

"Unasimama hapo juu ya sahani, mguu huku na mguu huku, mpira unaubana katikati. Halafu unaruka nayo. Inadunda na wewe."

"Naweza kutengeneza," Mwololo akasema.

Kaluki alimwangalia, kisha akaenda kuchota maji.

Hesabu ya Mwololo ilikuwa rahisi. Mtoto akiwa na kitu ambacho hakuna mtoto mwingine anacho, kuanzia Athi River mpaka Kajiado, atataka kwenda Mukaa kufanya nini? Neno aliloshindwa kusema Aprili alitaka kulitengeneza kwa mikono. Ni fundi, atafanyaje.

Basi akaanza. Mpira wa kwanza wa dukani ulipasuka Kaluki alipoukanyaga tu. Wa pili aliuvalisha ngozi ya tubu ya baiskeli, akaishona vizuri sana, na ukawa mzito hata ukitua unalala hapo kama chapati. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, basi akaenda Kajiado akarudi na mpira wa raba ngumu, akaujaza upepo kwa pampu mpaka ukalia ukigongwa. Huo ulidunda. Joram seremala alimkatia duara la mbao, lenye tundu katikati, na Mwololo akalizungushia lile tundu raba ili mbao isiume mpira. Kisha akafanya jambo ambalo hao waliotengeneza ile ya manjano hawakulifikiria. Kila upande wa mpira alipigilia soli ya akala yenye ukingo kisiginoni na mkanda mbele, mtoto ajishikilie, asiteleze. Kipimo cha soli alikitoa msumarini pake. Kilikuwa kimeandikwa "Kaluki, Januari 1996." Alikishika kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, akakitumia, akakirudisha.

Kaluki alipanda. Akadunda mara moja, mara mbili, akaanguka kifudifudi. Mwololo akapunguza upepo. Mtoto akapanda, akaanguka. Akaongeza upepo. Akashusha sahani. Akapandisha sahani. Akabadilisha mpira, akabadilisha tena. Juni, Julai, Agosti. Wamaasai walingoja viatu vyao wakiwa wamesimama na rungu zao, wakitazama, na mzee mmoja wa Isinya akauliza kama hii ni dawa ya ugonjwa gani. Na kila Kaluki alipoanguka, Mwololo aliokota mpira kwanza. Nawaambia kitu ambacho Mama Yonis alikiona kwa macho yake. Aliokota mpira, akaubonyeza, akausikiliza, na mtoto akajiinua mwenyewe akajipangusa vumbi magotini. Hakulalamika hata siku moja. Angalau wakati huo baba yake alikuwa anatazama upande alioko.

Novemba ikafika. Mutindi akaja Jumamosi asubuhi, akakaa kwenye kigoda kile kile, uso barabarani. Mkoba wa Kaluki ulikuwa tayari, ameupanga mwenyewe. Mwololo akatoa mpira wa sita.

"Mama Yonis," akasema, "mwambie angoje kidogo aone."

Kaluki akapanda. Akadunda mara mbili, mara tatu, halafu akaenda mbele kama kawaida, akatua kwa viganja kwenye kokoto. Mutindi alisonya taratibu. Mwololo alikuwa ameshaushika mpira, kidole gumba kinaubonyeza.

"Ni upepo. Umezidi kidogo."

"Si upepo, Baba," Kaluki akasema akiwa bado chini. "Ni mguu. Kisigino changu kiko nje."

Akasimama, akauingiza mguu kwenye soli ili aone. Kisigino kilikuwa kimekaa juu ya ule ukingo, kimevuka nyuma upana wa vidole viwili. Ili mkanda umshike ilibidi asimame kwa vidole vya mguu, na anayedunda kwa vidole lazima aende mbele. Hata asiyejua kushona kamba ya kiatu angeliona hilo. Fundi wa miguu ya nusu ya Kajiado hakuliona kwa miezi sita.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu ile ya kwanza."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Kaluki alipangusa viganja kwenye rinda. "Na hukunipima."

Mwololo hakusema sawa. Alichana kipande cha katoni, akakiweka chini, akapiga magoti, na Kaluki akasimama juu yake bila kuambiwa. Fundi akamshika kifundo cha mguu. Haukuwa mguu anaoujua. Ule aliokuwa akiukatia soli ulikuwa wa kitoto, mnene, na huu ulikuwa mrefu na mkavu, na juu ya kifundo una kovu.

"Hii ni ya nini?"

"Seng'enge. Kule shule. Mwaka jana."

"Nani alikufunga?"

"Mama Yonis."

Alianza kuuzungushia penseli. Alipofika kisiginoni mkono ukamtoka mstari, akarudi, ukatoka tena, na ndipo yote yaliyogoma kuja tangu Julai ile yakaja kwa pamoja. Iliuma. Evalyne aliuma, na miaka miwili na nusu ya huyu mtoto, iliyopita mbele yake kama watu wa sokoni, ikauma kuliko hata Evalyne. Mwololo alilia akiwa magotini, kwa sauti, mbele ya mama mkwe, aibu ambayo kwao haina hata faini yake. Mutindi alijitahidi sana kuitazama barabara.

Kaluki alingoja. Baba yake alipotulia kidogo alimtoa penseli mkononi, akamalizia kisigino mwenyewe, akaandika jina lake na tarehe.

"Mama," Mwololo akasema, moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu. "Mtoto asiende. Mimi namtaka."

"Usiniambie mimi," Mutindi akaiambia barabara. "Mwambie mwenye miguu."

Akamwambia. Maneno yalitoka yamepinda, hakuwa na mazoezi. Kaluki aliyasikiliza mpaka mwisho, kama alivyofundishwa kusikiliza wakubwa.

"Nitaenda, Baba," akasema. "Kule kwa Susu watu wanaongea."

Hakusema kwa hasira, na afadhali angekasirika. Alisema kama anayeeleza njia. Akauchukua mkoba wake, akamuaga Mama Yonis, akampa baba yake mkono, na wakaenda, yeye na nyanya yake, mdogo akimshika mkubwa mahali penye tope.

Mwololo alikaa chini ya meza ya kibanda siku nzima. Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu na Jumanne alikata soli mpya kwa kipimo kipya, na Jumatano akafunga kibanda, watu wakashangaa, akatia mpira na sahani yake ndani ya gunia. Alishukia Salama kwenye barabara ya Mombasa, akapanda milima ya Mukaa kwa miguu na gunia mgongoni.

Alifika saa nane mchana. Mutindi alikuwa anapepeta maharagwe, na wajukuu wake wote sita wamekaa kwenye kivuli cha jikoni wakichambua. Mkwe mwenye adabu husimama langoni akakohoa, akangoja atumiwe mtu. Mwololo hakungoja. Alianza kuongea akiwa bado anafungua kijiti cha lango. Alisema barabara inachimbwa pale Athi River. Alisema kuna bwana harusi wa Kisaju ametaka akala za watu kumi na wawili. Alisema amepita kaburini, na nyasi zimekuwa ndefu, na kwamba kulikuwa na chura amekaa pale, na amemcheka Evalyne, kwa sababu Evalyne aliogopa vyura kushinda nyoka, siku moja alikimbia mpaka kwa chifu akiwa na mwiko mkononi.

Alihofia akinyamaza atanyamaza tena. Wale watoto watano walikuwa wanalitazama gunia. Kaluki alisimama, maharagwe yakamwagika kutoka kwenye rinda.

"Vyura?" akauliza. "Mama?"

Mwololo akaweka gunia chini, akaketi palepale mavumbini, akaanza kumweleza.