Kadi Niliyomchapishia Baba

Baba yangu alikuwa mtu wa kuomba kadi. Si kadi za harusi wala za mchango. Hizo alizikimbia kama watu wengine wote wa mtaa wetu wa Makadara. Nasema kadi za biashara, zile ndogo za kuingia mfukoni, zenye jina, cheo na namba ya simu. Popote alipokutana na mtu aliyevaa koti, hata kama ni matangani, alimngoja amalize kula, kisha akamsogelea na kumwuliza, "Samahani bwana, una kadi?" Mama alikuwa akijifunika uso kwa leso. Mimi nilijifanya nimetumwa maji.

Sikuona maana yake hata kidogo. Tulikuwa watu wa nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, chumba na jiko, choo cha nje tukitumia na majirani. Baba alikuwa karani wa reli aliyetoka magharibi na sanduku moja, na hakuna siku niliyomwona akimpigia simu yeyote kati ya wale watu. Nilipomwuliza anazifanyia nini hizo kadi, alisema anazipenda tu. "Kuna jirani anayefuga njiwa," akaniambia, "mbona huyo humwulizi?"

Alizihifadhi katika albamu za picha, zile zenye mifuko ya nailoni. Jumapili, tukishatoka kanisani na kula, meza ilipanguswa, mikono ikaoshwa kwa sabuni, na mimi nikaitwa. Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita Mama, kama wanavyofanya watu wa kwetu. "Mama, lete albamu," alikuwa akisema, na mama mzazi aliendelea na kazi zake, maana alijua si yeye anayeitwa.

Kulikuwa na masharti. Kadi hupokelewa kwa mikono miwili. Unaisoma mpaka mwisho mbele ya mwenyewe, halafu unaitia kwenye mfuko wa shati, si wa suruali. "Huwezi kumkalia mtu," alisema, na hakuwa akitania. Mimi nilisoma kwa sauti, yeye akasimulia: huyu tulikutana wapi, alikuwa amevaa nini, alilalamika nini kuhusu chakula. Watengeneza majeneza ndio waliokuwa na kadi nzuri kuliko wote, nene, maandishi ya dhahabu. Mawakili wa pale kortini walifuata. Maaskofu waliojipa uaskofu wenyewe walitia picha zao, wakitabasamu meno yote nje. Kulikuwa na fundi wa baiskeli aliyejiandika mkurugenzi mkuu, na karakana yake yote ilikuwa gunia lililotandikwa kando ya Jogoo Road. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Baba hakucheka. Kila alipompita alimwita mkurugenzi, na yule fundi alikuwa akisimama kumjibu.

Miaka ikaenda. Nikapata kazi katika stoo ya kiwanda cha rangi huko eneo la viwanda, na ndipo na mimi nikawa na faida katika mambo haya. Wauzaji wa makopo na kemikali walikuwa wakipita kila siku na kadi zao, nami nikazibeba nyumbani. Baba alinisubiri kama mtoto anayesubiri mkate. Mimi mwenyewe sikuwa na kadi. Watu wa stoo hawapewi kadi, wanapewa ovaroli.

Mama alipotutoka, nilimhamishia baba kwangu mtaa wa Mowlem, nyumba ya chini ili asihangaike na ngazi. Alikuja na nguo zake, Biblia na albamu. Ugonjwa wa kusahau ulianza hapo, na ulianza na mambo ya kuchekesha, chumvi kwenye chai, soksi kwenye friji. Kisha akaanza kuamka, kuvaa tai na kusimama getini na mkoba akisema amechelewa kazini, yeye ambaye alikuwa amestaafu zamani. Hilo halikunichekesha sana. Kisha akaanza kuuliza kwa nini mama hajarudi kutoka sokoni.

Mwanzoni nilimwambia ukweli. Kila nilipomwambia alilia upya, kama mtu aliyeletewa habari dakika hiyo. Shangazi, dada yake mdogo, alipokuja kutoka nyumbani kunisaidia, alinivuta jikoni akanigombeza. "Usimwambie tena," alisema. "Unataka kaka yangu afiwe kila jioni?" Tukawa tunamwambia soko limejaa watu.

Lakini kadi hazikumtoka. Ndilo jambo lililonishangaza na, niseme ukweli, likaniudhi. Ungemfungulia albamu ukurasa wowote, ungemwona uso unafunguka. Huyu, alisema, alikuwa na meno ya dhahabu. Huyu alikataa kuku akasema daktari amemkataza, kisha nikamwona nyuma ya hema anakula kuku. Majina yote, vyeo vyote, na kila mtu na stori yake. Watu waliompa dakika mbili za maisha yao walikuwa wamekaa kichwani mwake wametulia, wamekunja nne. Nilikuwa nikiwaonea wivu. Mtu mzima mwenye akili zake, naonea wivu karatasi.

Maana mimi alikuwa amenipoteza. Kwanza niligeuka kuwa muuguzi. "Sista, umekuja kunipima presha?" Nikamsahihisha, akaona aibu, akaniomba msamaha, na kumwona baba yangu akiniomba msamaha ilikuwa mbaya kuliko kuitwa sista. Nikamwonyesha picha yangu ya shule, sare, nywele zimekatwa fupi. Akaishika karibu na dirisha akaitazama kwa muda.

"Mtoto mzuri," alisema. "Ni wako?"

Sikutaka mambo makubwa. Daktari wa kliniki alikwisha kunieleza kwamba ugonjwa huu haurudi nyuma, na nilimwelewa. Nilitaka aniite Mama mara moja tu. Mara moja, akinitazama, akijua anamwita nani, halafu asahau mengine yote akitaka. Nilimwomba Mungu hilo kwa maneno hayohayo, nikamwambia na shangazi, naye akaniambia nijikaze.

Jioni moja nilimpakulia ugali na sukuma, nikachuchumaa mbele ya kiti chake. "Baba, ni mimi. Ni binti yako."

Akanitazama kwa ule upole wa ofisini, upole wa dirisha la karani. "Una kadi?" akauliza.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nilicheka, haikosi kuchekesha. Kisha nikaenda kuosha vyombo na nikalia kwenye sinki maji yakitiririka ili wasinisikie. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuniingia. Kama watu wote anawakumbuka kwa kadi, mimi nimekosa nini isipokuwa kadi? Usiniambie ulikuwa upumbavu. Najua. Mtu aliyepotelewa na kitu hutafuta hata ndani ya birika.

Siku iliyofuata nilipotoka kazini nilishuka Jogoo Road, nikaingia kwenye kibanda cha kuchapisha kilicho na kompyuta mbili na bango la picha za pasipoti. Kijana mwenye rasta alinikaribisha kwa lugha ya vijana wa mtaani.

"Niaje mathe, form ni gani? Unadai kuprinti nini?"

"Kadi ya biashara."

"Poa. Ngapi?"

"Moja."

Alizungusha kiti akanitazama vizuri. "Moja? Na ukipatana na wasee wawili?"

"Nampelekea mtu mmoja tu."

"Eh! Basi huyo ni mubaba wa maana," alisema, akidhani nina mpenzi mzee mwenye pesa, akacheka peke yake.

"Ni babangu mzazi."

Kicheko kikamkauka. "Aki pole, mathe. Nimekosea." Akarudi kwenye kompyuta, akawa mpole kama mtoto wa kwaya. "Haya. Cheo tuandike nini?"

Nilitaka kusema binti. Neno lilifika kwenye ulimi nikalimeza, kwa sababu nilimjua baba. Kadi isiyo na cheo angeigeuza mbele na nyuma akitafuta kilichosahaulika. Nikasema aandike msimamizi wa stoo, na kwa kweli ndicho cheo changu. Kisha nikamtajia majina yangu matatu: la kwanza la nyanya yangu, la pili la ubatizo, la mwisho la baba. "Hilo la mwisho liandike kubwa," nilimwambia. "Liandike nene kabisa." Nilikuwa nimepiga hesabu zangu. Atasoma jina la mama yake, atasoma jina lake mwenyewe, na kati ya hao wawili hakuna mahali pengine pa kuniweka.

Jumamosi asubuhi nilivaa sketi ya kitambaa, blauzi nyeupe na viatu vya kisigino. Nikatoka nje ya nyumba yangu, nikafunga mlango, nikabisha hodi. Shangazi alifungua. Alikuwa amekubali kunisaidia ingawa alisema mimi na kaka yake sasa haijulikani nani mgonjwa.

"Mzee, una mgeni," akatangaza.

Baba alisimama. Miezi mingi hakuwahi kusimama kunipokea. Nikamnyooshea kadi kwa mikono miwili, akaipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani. Alisoma polepole, midomo ikitikisika, kidole kikifuata maandishi. Kidole kikafika kwenye jina la mwisho kikasimama hapo. Nilimwona akirudi kwenye jina la kwanza, kisha akaenda tena kwenye la mwisho. Akainua uso, na uso wenyewe ulikuwa umejaa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mama alipokuwa hai.

"Wewe ni mtu wa nyumbani!" alisema. "Hili jina ni la kwetu kabisa!"

Akanishika mkono, akaniketisha. Akamwagiza shangazi chai ya maziwa, na mkate, na kama kuna mayai, mayai. Akaniuliza tunatokea upande gani wa mto kule nyumbani, nikamwambia upande wake. Akapiga paja lake kwa furaha. Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na birika mkononi, hajui aangalie wapi.

Kisha baba akavuta kiti karibu nami, akateremsha sauti.

"Madam, kwa vile wewe ni wetu, nitakuomba kitu. Nina msichana wangu. Amemaliza shule na amekaa tu nyumbani. Ni mwerevu yule, si mvivu, na hawezi kuchukua kitu cha mtu. Kila anayenipa kadi namwomba. Yeye anafikiri mimi napenda tu hizi karatasi." Akacheka kidogo, kama anayenishirikisha siri. "Sasa hapo stoo kwenu, nafasi ikitokea, hata ya kufagia, umkumbuke. Mimi sina kitu cha kumwachia. Na ni yeye ndiye furaha yangu."

Hajawahi kuniambia hivyo. Watu wa kwetu hawawaambii watoto wao maneno ya namna hiyo, na mimi sikuwahi kuyadai. Nilikaa pale na chai mkononi nikiyasikia yote, yakipelekwa kwa mtu mwingine.

"Anaitwaje?" nilimwuliza, maana bado nilikuwa na tamaa.

Alifikiri. Alifungua mdomo akaufunga. "Mimi namwita Mama," alisema, akinitazama machoni, na hakuniona.

"Nitamwandika kazi, Mzee."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Aje Jumatatu."

Alivua miwani akajifuta macho kwa kiganja. Akanishukuru kwa Kiswahili, kisha kwa lugha yetu, kisha akaomba, mkono wake juu ya kichwa changu, akimwambia Mungu ambariki huyu madam na watoto wake. Alipomaliza alisimama, maana mgeni wa heshima akishakubali ombi la mtu hacheleweshwi. Nilijaribu kubaki nimekaa. Yeye akaendelea kusimama, akinisubiri kwa adabu, mpaka nikainuka.

Kwetu mgeni hasindikizwi mpaka mlangoni tu. Alinishika kiwiko tukavuka ua, tukapita kamba za nguo, tukafika getini. Hapo akainama akaninong'oneza.

"Usimwambie kwamba ni mimi nilikuomba. Atajisikia vibaya."

Nikamwahidi sitamwambia. Akanipungia mkono, akafunga geti, akasukuma komeo mpaka ndani kabisa, kama alivyokuwa akifunga nyumba yetu kila jioni nilipokuwa mdogo. Shangazi alikuja mbio kunifungulia. Nikamwashiria kwa mkono asifungue kwanza. Nikabaki nimesimama barabarani, Jumamosi, na viatu vya kisigino, watu wa Mowlem wakinipita na vikapu vyao, nikingoja baba asahau kwamba nimekuja, ili nibishe hodi tena.