Jina Letu, Parker

Juzi nilikuta mtandaoni maelezo ya jina letu la ukoo, Parker: asili yake Uingereza, maana yake mtunza hifadhi ya wanyama ya bwana mkubwa, na idadi ya wenye jina hilo katika kila nchi. Utotoni, Doha, nilikuwa na maelezo yangu mwenyewe. Baba alikuwa akilinda pakingi ya hoteli kule West Bay, basi niliamini kazi ndiyo iliyompa jina.

Ijumaa moja, siku ya mapumziko kule, baada ya ibada Mesaimeer, ua wa kanisa ukinukia kahawa na lami ya moto, mtu aliita, "Bwana Parker!" Baba aligeuka. Mzee mmoja wa Kizungu naye aligeuka. Nilimkimbilia nikamwuliza kama yeye ni babu yetu. Alicheka kwa upole, akampa Baba mkono. Baba hakucheka.

Garini nilimwuliza kulikoni.

"Babu wa babu yangu alikombolewa utumwani, akaletwa misheni kule Mombasa. Walipombatiza wakampa jina lao."

"Kwani hakuwa na lake?"

"Alikuwa nalo."

"Lipi?"

"Sijui, mwanangu."

Sikuelewa mtu mzima anawezaje kutojua jina la kwao. Nikasema tumpigie Nyanya, yeye anajua kila kitu. Baba akapiga, akanipa simu. Nikamwuliza Nyanya jina letu la zamani.

"Mjukuu wangu," akasema, "babu yako alikufa akiuliza hilo hilo."