Fundi Alivyopima Safari ya Ndege

Mume wangu ni fundi cherehani, na kwa miaka thelathini na mbili hajawahi kukubali kwamba kapima vibaya. Suruali ikibana, basi mteja ndiye kanenepa. Nimemzoea, lakini safari hii alinipandisha presha.

Binti yetu anafanya kazi ng'ambo, na alikuwa anakuja kumwona bibi yake anayetakiwa kupasuliwa tumbo. Mama mkwe alishatoa sharti lake: haingii chumba cha upasuaji mpaka amtie mjukuu wake machoni. Basi fundi akaenda kwa jirani yetu mwalimu, mwenye ramani kubwa ukutani, akanyoosha futi yake ya kupimia nguo kutoka mji hadi mji, akapiga hesabu. Kilomita elfu sita na mia mbili. Ndege inakwenda mia tisa kwa saa.

"Masaa saba," akatangaza. "Akiondoka Jumatano usiku, alfajiri yupo hapa."

"Baba watoto, mtoto kaandika atafika Alhamisi jioni. Anapitia mji mwingine kwanza, na huko anasubiri masaa kumi na moja."

"Apitie kwingine kwa nini, wakati njia imenyooka?"

Sasa mtu kama huyo unamjibu nini? Nikamweleza kwamba tiketi ya moja kwa moja hatuiwezi. Akaniambia mimi sijui kupima. Kisha huyo, akaenda wodini kumwahidi mama yake kwamba mjukuu atafika alfajiri.

Alhamisi saa tatu asubuhi mama mkwe alikuwa kakaa kitandani, macho mlangoni. Muuguzi alishakuja mara mbili na kitanda cha magurudumu, akarudi nacho kitupu. Mwisho daktari akaja mwenyewe: zamu hii ikipita, nyingine ni baada ya wiki mbili, na huo utumbo hauwezi kusubiri wiki mbili.

"Mjukuu wangu yuko njiani," mama mkwe akasema. "Mwanangu kapima."

Nilitaka kulia na kumzaba mtu kibao, vyote kwa pamoja. Nikamvuta fundi pembeni.

"Mwambie."

"Labda huko juu kuna upepo..."

"Mwambie, baba watoto."

Akaenda akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mama, nilipima vibaya. Atafika jioni. Mwenzangu aliniambia, nikashupaza shingo." Sauti yenyewe hata sikuitambua.

"Nilijua tangu kulipokucha," mama mkwe akasema. "Nakiogopa kile chumba, mwanangu. Wewe ulinipa kisingizio. Haya, nishike mkono twende."

Jioni binti alimkuta bibi yake ametoka salama. Lakini mimi nakumbuka pale mlangoni pa chumba cha upasuaji asubuhi ile: muuguzi alimwambia fundi aachie mkono wa mama yake, na ilibidi amwambie mara tatu.