Pampu Mbili za Mama Edson

Mimi na Mama Edson tulianza kwa ugomvi, kwa sababu pampu zake zilimwaga maji yakazima jiko langu. Nauza wali na maharage pale Segese, mkabala na duka lake, na kila siku ya mnada alikuwa akizitoa pampu mbili nje ili wachimbaji wazilinganishe kwa macho yao. Aliweka tangi la maji katikati na mapipa mawili matupu pembeni. Ya kwanza, nyekundu, ya petroli, ya inchi tatu, ilinguruma na kujaza pipa kabla hujahesabu kumi na tano. Ya pili ilikuwa ya umeme, ya kuzamisha majini, nyembamba kama chupa ya chai. Aliitumbukiza ndani ya tangi, akaiunganisha na jenereta, nayo ikajaza pipa lake polepole, karibu dakika nzima. Wanaume waliicheka.

"Mama Edson, hiyo si ya kumwagilia mchicha?"

"Cheka tu, shemeji. Siku ukiihitaji utaibeba mgongoni."

Walicheka, wakanunua nyekundu. Naye aliwauzia, maana mfanyabiashara hamkatazi mteja kupenda anachokipenda.

Jina lake la ubatizo ni Eufrasia, mzaliwa wa Didia, binti wa wakulima wa mpunga. Mumewe, Marselino, alifia duarani, ndivyo tunavyoyaita mashimo ya kuchimbia dhahabu huku kwetu. Alifaje, mwenyewe hakusema, na mimi na mdomo wangu wote huu sikuwahi kuthubutu kumuuliza. Nilijua tu kwamba baada ya matanga alijifunza kufungua injini, akakodi chumba cha duka, na tangu hapo mikono yake ikawa inanuka petroli hata kanisani. Alimkataza mwanawe wa pekee, Edson, machimbo kwa maneno, kwa machozi na kwa mchungaji. Edson akaenda. Wanasema mtoto akililia wembe mpe, lakini aliyesema hivyo sidhani kama alikuwa mama.

Mwezi wa tatu mwaka jana mvua ilinyesha siku tano mfululizo. Asubuhi ya siku ya sita, kama saa mbili, maji yaliyojaa kwenye shimo la zamani lililoachwa yakapasua ukuta na kuingia kwenye duara la Mwigulu, lililo jirani. Watu wanne walipanda wakitapika tope. Wawili hawakupanda: Edson na mwenzake Gregory. Walikuwa ndani ya njia ya pembeni, inayochomoka chini ya shimo na kupanda kidogo kabla ya kugota kwenye mwamba. Maji yalikuwa yameufunika mlango wa njia hiyo. Kama walikuwa hai, walikuwa wamekaa kule mwisho, kwenye hewa kidogo iliyobaki.

Walikuwa hai. Bomba la chuma lililopita ukutani mwa shimo mpaka ndani ya njia lilikuwa likigongwa kwa nyundo. Mara tatu, kimya, mara tatu.

Mwigulu, mwenye duara, alimtuma dereva wa bodaboda amwite Mama Edson. Tulizipakia pampu zote mbili na jenereta kwenye guta, nami nikafunika sufuria zangu nikapanda naye. Njia nzima alikuwa akikaza na kulegeza nati moja ya jenereta, anakaza, analegeza, mpaka nikamshika mkono.

Alipofika hakulia. Alifunga jiwe kwenye kamba akapima. Kutoka mdomo wa shimo hadi kwenye maji ilikuwa mita kumi na nne, na mlango wa ile njia ulikuwa mita kumi chini yake. Akaishusha pampu ndogo mpaka ndani ya maji, akawasha jenereta. Maji yakapanda, ya tope, unene wa kifundo cha mkono.

Watu waliokuwa pale, na walikuwa wengi, waliguna.

"Mama Edson," Mwigulu alisema, "haya ni maji ya kunawa. Nyekundu ile pale. Siku ya mnada tuliona wote ilivyojaza pipa."

"Nyekundu inanyonya, baba. Ikikaa juu, haifikii maji yaliyo chini ya mita saba hivi. Hapa ni kumi na nne."

"Mbona mnadani hukusema?"

Mama Edson alimtazama. "Mnadani tangi lilikuwa pale pale miguuni. Sikusema."

Mwigulu hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Macho yangu yalikuwa yameona pipa. Wakateremsha mpira wa nyekundu na kuvuta kamba ya kuiwasha. Ilinguruma mpaka ardhi ikatetemeka, mpira ukabonyea kama utumbo mtupu, tone halikutoka. Na hapo, wakati injini ikinguruma, bomba la chuma likaanza kugongwa kwa haraka. Si mara tatu tena. Ngongongongo, bila pumzi.

"Wanakata roho!" mtu alipaza sauti.

"Basi ishushwe," Mwigulu alisema. "Mita kumi chini kuna jukwaa la magogo ya matimba. Tuiweke pale, iwe karibu na maji. Itanyonya, na maji yakishuka tutaishusha nayo."

Ingenyonya. Mama Edson mwenyewe alikubali kwamba ingenyonya. Chacha, kijana wa Tarime, rafiki wa Edson, alikuwa amekwisha kujifunga kamba kiunoni ili ashuke nayo aiwashe. Nyundo kule chini ilizidi. Ndipo Mama Edson alipoizima injini, akachukua spana, akaifungua plagi inayowasha injini, ikiwa ya moto, akaifumbata ndani ya upindo wa kanga yake.

"Haishuki," alisema.

Nitasema nilichokifanya, kwa sababu walionisikia wapo. Nilipiga kelele kuliko wote. "Mama Edson, huna uchungu? Mwanao anagonga, anakuita, wewe unaficha plagi?" Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema pengine ni dawa, ameambiwa na mganga amtoe mtoto apate utajiri. Sikumkanya. Maneno ya aina hiyo huku kwetu yameua watu, nami sikumkanya.

Mwigulu akanyoosha mkono. "Nipe hiyo plagi, mama. Kwa amani nakuomba."

"Labda unikate mkono."

Kisha akamgeukia Chacha, si Mwigulu wala sisi, na akaongea kwa sauti ya chini mpaka tukalazimika kunyamaza.

"Chacha, baba, miaka tisa iliyopita maji yaliingia kwenye duara la Baba Edson. Mimi ndiye niliyesema pampu ishushwe kwenye jukwaa. Ilinyonya vizuri sana. Mafuta yalipoisha akashuka kuongeza, na galoni nilimpa mimi, kwa mkono huu. Hakupanda. Akashuka mdogo wake kumwangalia, hakupanda. Akashuka wa tatu. Tulipowatoa wote walikuwa wakavu, mwanangu. Hakuna aliyekuwa na tone la maji mwilini. Ni moshi wa injini. Hauonekani sana, hauumizi, unakulaza tu. Shimo halina pa kuutolea. Ukiishusha hii utalala wewe kwanza, halafu maji yakipungua na mlango ukafunguka, hewa ya kwanza watakayoipata Edson na Gregory ni hiyo hiyo."

Nyundo ilikuwa bado inagonga, ngongongo. Alikuwa akiongea huku anaisikia.

Chacha akafungua kamba kiunoni.

Mwigulu alituma bodaboda ikalete plagi nyingine Segese, nayo ililetwa. Alikaa nayo mkononi. Aliwatazama wanaume mmoja mmoja, kila mmoja akatazama viatu vyake. Mwishowe akaitia mfukoni, akaja kusaidia kumimina mafuta kwenye jenereta.

Tukasubiri. Mama Edson alikaa kando ya ile kamba yenye jiwe, anapima. Mita kumi na sita. Kumi na nane. Saa sita mchana nyundo ikanyamaza, na huo ukimya ulikuwa mbaya kuliko kelele zote. Hakuna aliyemlaani tena. Walikuwa wakimwangalia tu kwa namna ya kumhurumia mtu aliyeua bila kukusudia. Nilimletea uji. Hakuuona. Nilimsikia akinong'ona, nikadhani anasali, kumbe alikuwa akihesabu mapipa.

Ilipofika saa tisa jiwe likasoma mita ishirini na tano. Mlango wa njia ulikuwa wazi. Chacha alishushwa kwa winchi, na kamba ilipotikiswa mara mbili, wanaume sita walivuta kama wanavuta ng'ombe kwenye tope. Gregory alitoka kwanza, anatetemeka, hai. Kisha Edson. Vidole vyake vilikuwa vimechunika, na kucha mbili hazikuwepo.

Mama yake hakumkumbatia. Alisimama pale pale kama mwenye kesi.

"Nilikusikia unagonga," alisema. "Nilisikia unavyoniomba, na nikakataa. Unisamehe, mwanangu. Nilikataa."

Edson alimtazama bila kuelewa. Sauti yake ilikuwa imekauka na maneno yalitoka kwa shida.

"Tulisikia nyekundu inanguruma, Mama. Kwenye bomba inasikika yote. Nikajua watakulazimisha uishushe, kama kwa Baba." Akainua vile vidole vilivyochunika. "Nilikuwa nagonga kukukataza."

Mama Edson akakaa chini kwenye tope. Wakati huo ndipo alipolia, kwa sauti, kama siku ya msiba, na mwanawe akachuchumaa mbele yake hajui amshike wapi. Mimi nilimshika mkono wa kulia kujaribu kumwinua. Ulikuwa bado umefumbwa. Nilivinyoosha vidole kimoja kimoja mpaka nikaitoa ile plagi, na kiganja chake kilikuwa kimeungua na kutoa malengelenge tangu asubuhi.

Siku ya mnada iliyofuata alizitoa pampu zake kama kawaida. Lakini hakuweka tangi. Aliwapeleka wateja kwenye kisima kirefu kikavu kilicho nyuma ya duka, akajaza maji kidogo chini kabisa, na akaweka pipa chini ya bomba la nyekundu. Ilinguruma mpaka wakachoka kuitazama. Pipa lilibaki tupu, na safari hii hakuna aliyecheka.