Tisheti za Ukumbusho wa Dani Rosbela

Nakumbuka Jumamosi moja huko Asembo Bay, mwanangu, boma letu lilipojaa watu waliovaa kifuani uso wa mtu ambaye hakuwa amekufa. Nitakueleza polepole, na wenye makosa nitawataja kwa majina, kwa sababu siku ile niliambiwa nifunge mdomo na nimeufunga miaka ya kutosha. Wanasema mavi ya kale hayanuki. Haya bado yananuka.

Dani ndivyo sisi tunavyoita nyanya. Dani wangu, mama yake baba, aliitwa Rosbela, na kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi na kuuza. Alinilea mimi na ndugu zangu wavulana baada ya baba na mama kwenda na ule ugonjwa uliofagia watu wa ziwani. Ndugu zangu nao wameenda, mmoja baada ya mwingine, nimebaki mimi Selina, muuza mitumba wa soko la Kibuye. Shule niliacha darasa la sita. Kwa hiyo Kiswahili changu kikichechemea, nivumilie. Ninachokuambia hakichechemei.

Sasa sikia jambo moja kuhusu Dani. Alikuwa wa kizazi kile cha zamani, wale waliong'olewa meno sita ya mbele ya chini wakiwa wasichana, kwa sababu wakati huo ndiyo ilikuwa alama ya Mjaluo aliyekomaa. Mdogo wake, Dani Persila, aliyeolewa upande wa Katito, hakung'olewa. Zamu yake ilipofika baba yao alikuwa ameshaingia kanisani, na watu wa misheni hawakutaka mambo hayo. Kwa mengine yote wale wawili walifanana, paji la uso, macho, hata namna ya kutembea wakiwa wameshika kiuno. Lakini sisi tuliolala nyumba moja na Dani Rosbela tulimjua kwa mdomo wake. Mahindi ya kuchoma hakuweza kuyauma, kwa hiyo tulimpukuchulia punje tukamwekea kiganjani, naye akatafuna kwa magego huku akitusimulia habari za watu. Jina langu likitoka kwake lilitoka na upepo, kama mtu anayepuliza chai.

Mtoto wake aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, baba mdogo Ochola. Huyo alisomeshwa kwa moshi wa samaki mpaka akapata kazi ya ofisi Nairobi, akamwoa Jenifa, wakapanga nyumba yenye zulia. Nyumbani walikuja Krismasi, na si kila Krismasi. Dani alipougua, Ochola alituma ujumbe kwamba ana shughuli nyingi. Dani alipokufa alikuja, akalia vizuri sana, akazika, akarudi kazini. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, hiyo tumeisikia wote. Mimi ningeongeza kwamba kulelewa nako ni kazi, na kuna watu hawajawahi kuifanya.

Mwaka ulipoisha, Ochola akasema atafanya ukumbusho. Wenzake wa ofisini wangekuja kwa basi waone alikotoka. Zikaletwa tenti, viti vya plastiki, spika kubwa mbili, na fahali akafungwa nyuma ya choo akisubiri siku yake. Mimi sikukasirika. Nilifurahi hata, usidhani nilikuwa na chuki tangu mwanzo. Nilijiambia, hatimaye watu watakaa chini wamkumbuke Dani. Hicho ndicho kitu pekee nilichotaka, mwanangu, akumbukwe yeye alivyokuwa, kwa maana hakuacha picha hata moja. Kitambulisho chake kilikabidhiwa serikalini wakati wa kutafuta kibali cha kuzika, na picha nyingine hakuwahi kupigwa. Waliobeba sura yake kichwani walikuwa wachache, na tulikuwa tunapungua.

Asubuhi ile Jenifa akafungua katoni ya tisheti nyeupe akaanza kugawa. Nikachukua moja nikaikunjua. Ilikuwa picha ya Dani Persila wa Katito, anatabasamu, meno ya chini yote yamejipanga mstari. Chini yake wameandika: Pumzika kwa Amani Mama Yetu Rosbela.

Nikamwambia, "Mama, huyu si Dani."

"Ni nani basi, ni mimi?"

"Ni mdogo wake. Na yuko hai. Tena yuko njiani anakuja, mimi ndiye niliyemwita." Maana wao walikuwa wamekumbuka kualika ofisi nzima na kumsahau dada wa marehemu.

Ochola akaitwa. Aliitazama ile tisheti kidogo tu, kama mtu anayetazama saa. Akaniambia picha ikikuzwa studio huwa inabadilika, nisilete fujo, niende kwa sufuria.

Nikamuuliza, "Baba, na meno? Studio siku hizi inaotesha meno?"

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakacheka, na hilo ndilo lililomuuma. Akasema mdomo huu ndio ulionikosesha mume, na kwamba mtu wa mitumba hawezi kumfundisha yeye mama yake ni nani. Nikaenda kwa sufuria. Tisheti sikuvaa.

Dani Persila alifika saa nne hivi, na kikapu chake cha viazi vitamu, amechoka na barabara. Kijana mmoja wa jirani akamkimbilia na kiti. Yule mama akakaa, akamtazama kijana kifuani, akatazama aliye nyuma yake, akatazama tenti nzima.

"Kijana, huyu mliyembeba hapa amekufa lini?"

"Ni Dani wa hapa, mama. Mwaka jana. Pole sana."

"Asante. Na mimi nimetoka kunywa uji Katito asubuhi hii."

Kijana akamtazama usoni, akatazama kifua chake mwenyewe, akarudi nyuma hatua kadhaa. Kwetu, mwanangu, kumwekea mtu hai maneno ya maiti si mchezo. Kuna mzee aliondoka palepale bila kula.

Hapo basi la Nairobi lilikuwa limeshasikika likipiga honi barabarani. Na sasa nitakuambia alichofanya Ochola, ili ukimwona mtu wa namna hiyo umtambue. Hakumwomba msamaha. Alimshika mkono akamleta mpaka mlangoni pa jikoni nilipokuwa, akaongea kwa sauti ya chini, ya adabu nyingi, kwamba yeye ni mama yake mdogo na anamheshimu, lakini wageni hawa ni watu wakubwa, sasa wakimwona wataelewa vibaya. Akamwomba ajifunike leso kichwani na akae chumbani kidogo, mpaka basi liondoke. Jenifa alikuwa nyuma yake tayari ameshika leso.

Dani Persila akauliza tu picha ile waliitoa wapi.

"Ni ya harusi yetu," Ochola akasema. "Mama alikuwa amekaa kando yangu. Tulimkata tukamkuza."

"Aliyekaa kando yako ni mimi, Ochola. Mama yako alikuwa jikoni. Mke wako huyu alimwambia nguo yake inanuka moshi wa samaki, wapiga picha wasubiri abadilishe. Akaenda kubadilisha, akakuta wapishi wamezidiwa, akabaki huko. Hakuna aliyemfuata. Kiti kilikuwa wazi kando ya bwana harusi, watu wanaanza kuuliza, nikakaa ili usiaibike. Na miaka yote hii hujawahi kuitazama hiyo picha ukaona mama yako hayumo."

Jenifa akasema hayo ni mambo ya zamani.

"Siku ya harusi mlimweka yeye jikoni," Dani Persila akasema. "Leo ni ukumbusho wake, mnaniweka mimi chumbani. Hapana, mwanangu. Nitakaa mbele, na sitajifunika."

Akaenda akakaa mstari wa kwanza, mbele ya maspika, wageni wakiteremka kwenye basi wanapewa tisheti na kuzivaa juu ya mashati yao. Pasta alipomaliza sala ya kufungua, yeye akasimama. Hakuomba maiki, alinyoosha tu mkono na yule kijana wa maiki akampa. Akaongea Kijaluo kwanza, halafu Kiswahili kwa ajili ya wageni. Akasema anawashukuru kwa kuja kumlilia, ila wamewahi mno. Watu wakacheka kwa woga. Akasema dada yake hakuwa na meno haya, na mtoto yeyote aliyekula naye sahani moja anajua. Kisha akasema, "Zigeuzeni hizo nguo, uso wangu uangalie ndani. Halafu mwanawe asimame atuambie habari za Rosbela, ili msirudi Nairobi mikono mitupu."

Ungewaona wale watu wa ofisi, mwanangu, watu wazima wenye miwani, wakivua tisheti na kuzivaa upya ndani nje.

Ochola akasimama. Akasema mama yake alikuwa mwanamke wa maombi, mkarimu, nguzo ya jamii.

"Hayo husemwa kwa kila maiti," Dani Persila akamjibu akiwa ameketi. "Sema lake moja."

Akafikiri. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, na niseme ukweli, hata mimi moyo ulikuwa unamwombea apate moja. Lolote. Rangi ya sufuria yake. Wimbo aliopenda. Alifungua mdomo, akaufunga, akakaa. Ndipo Dani Persila akageuka kwa jikoni akaniita, nami nikasema ya mahindi, na ya jina langu lililotoka na upepo, na jinsi alivyomtukana samaki aliyeungua kana kwamba ni mtu. Akina mama wa soko wakainuka mmoja mmoja wakaongeza yao. Ng'ombe alichelewa kuliwa siku hiyo.

Ochola hajanisemesha vizuri tangu hapo. Dani Persila naye amekwisha kwenda, tena kwa jina lake mwenyewe. Na ile picha, nasikia, bado imetundikwa sebuleni Nairobi, kubwa, na mgeni akiuliza anaambiwa huyo ni mama mzazi wa mwenye nyumba. Njia ya mwongo ni fupi, lakini wako wanaoipitia maisha yote. Sijamsamehe. Ningesema nimemsamehe ungenisifu, lakini ningekudanganya.

Basi nasaha yangu ni hii. Siku hizi mtu hajapoa, picha yake iko kwenye simu za watu mia, na mishumaa, na maneno matamu. Weka, sikukatazi. Lakini kabla siku hiyo haijafika, nenda ukakae na nyanya yako, na babu yako kama unaye. Mtazame anavyokula. Muulize alipewa jina la nani, na kovu lile la mguu lilitoka wapi. Mwache arudie hadithi aliyoirudia jana, usimwambie umeshaisikia. Ukipiga picha ya sherehe, mfuate jikoni umlete na nguo yake ya moshi, mkalishe katikati, kwa maana asiyekuwepo na lake halipo. Heshima ya marehemu haianzi kaburini. Kaburi huonyesha tu kama ilikuwepo. Na ukiitwa kusema habari zake mbele ya watu, uwe na moja ambayo ni yake peke yake.

Mungu akuzeeshe taratibu, mwanangu. Akupe wajukuu wanaokujua kwa hatua zako kabla hujabisha mlango, na siku utakapolala, watu wako wabishane usiku kucha, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyekujua zaidi.